Kiingilio ni Bure

Mlangoni paliandikwa KIINGILIO NI BURE, kwa herufi kubwa nyeupe ambazo hata mwenye macho mabovu angezisoma akiwa ng'ambo ya barabara. Mpishi alizisoma, akazirudia, kisha akatafuta maandishi madogo chini yake. Maisha yalikuwa yamemfundisha kwamba herufi kubwa ni za kukukaribisha na ndogo ni za kukukamata. Ndogo hakuziona, na hilo likamtia wasiwasi zaidi.

"Twende," alisema mumewe. "Nimebanwa."

"Subiri kwanza tujue ni nini humu."

"Mimi sitaki kujua ni nini. Nataka kujua choo kiko wapi."

Tayari walikuwa wamefukuzwa mara mbili asubuhi hiyo. Hotelini, kijana aliyevaa tai aliwaambia choo ni cha wateja. Benki, askari alisimama tu katikati ya mlango akatoa kifua. Walikuwa wageni katika jiji hilo, na jiji lilionekana kuwa na kila kitu isipokuwa mahali pa mzee kujisaidia. Manyunyu yalikuwa yameanza. Mpishi alihamisha begi kutoka mkono huu kwenda ule, akamshika mumewe kiwiko, wakapanda ngazi za jumba la sanaa kwa ajili ya haja ndogo. Asikudanganye mtu, wengi huingia mahali pa maana kwa sababu kama hizo.

Mwanamume huyo alikuwa kinyozi, na mji wao mdogo haukumjua kwa jina jingine. Mkewe alipika katika shule ya msingi, naye wakamwita Mpishi, walimu kwa wanafunzi. Safari yao ilikuwa ya jambo moja, na Kinyozi hakuwa ameambiwa jambo lenyewe. Mtaa wa tatu kutoka pale kulikuwa na makao ya wazee. Binti yao, muuguzi katika mji mwingine, alikuwa ameomba nafasi kwa muda mrefu, na sasa imepatikana kwa sababu aliyekuwa akiilalia amekufa. Mlezi mkuu wa makao alipokea wageni wapya baada ya chakula cha mchana, saa nane, na alishasema nafasi haingojwi. Asiyefika leo, kesho inakwenda kwa mwingine. Kwa hiyo Mpishi alimwambia mumewe kwamba wanakwenda kutembea mjini. Tangu waondoke nyumbani alikuwa akijisikia mwizi.

*

Ndani palikuwa na baridi na kimya kama cha hospitali, lakini bila harufu ya dawa. Kulia, nyuma ya kaunta, binti mmoja alikuwa akipokea mizigo.

"Karibuni. Begi linabaki hapa, mama."

"Linabaki kwa nini?"

"Ndiyo utaratibu. Unaliacha, unapewa kibati, ukitoka unarudisha kibati unapewa begi."

"Kwa shilingi ngapi?"

"Bure, mama."

"Na choo?"

"Bure. Kiko kule mwisho."

"Na mkitutoa?"

Binti alimtazama asielewe. Mpishi mwenyewe hakuwa na hakika amekusudia nini. Kinyozi hakungoja, alikwenda kule mwisho kwa mwendo wa mtu anayechelewa treni, na Mpishi akamshukuru Mungu kwamba walau njia ya choo bado aliikumbuka mara baada ya kuonyeshwa.

"Samahani, lazima niangalie ndani," alisema binti wa mizigo, akafungua zipu.

Akaanza kutoa kimoja kimoja na kukipanga juu ya kaunta, mbele ya watu waliokuwa wakingoja nyuma yao. Mashati yaliyopigwa pasi. Suruali. Sweta ya kijani iliyotiwa kiraka kwenye kiwiko. Taulo jipya, bado lina karatasi ya dukani. Ndala. Nguo za ndani zilizokunjwa vizuri kuliko leso za maharusi. Mtalii mmoja aliyevaa kofia aligeuza uso kwa adabu, na adabu yake ikamuumiza Mpishi kuliko kama angecheka. Alitaka kusema, rudisha mwanangu, hivyo si vya kuonyeshwa watu. Lakini jengo lilikuwa la wenyewe.

Vitu vilikuwa bado juu ya kaunta Kinyozi aliporudi, mikono yake ikichuruzika maji. Alisimama akavitazama kwa makini. Akalishika shati la michirizi, akalinusa.

"Hili langu," alisema.

"Lako."

"Na hili langu. Na hili." Alimtazama mkewe. "Zako ziko wapi?"

Foleni yote ilikuwa ikisikiliza.

"Nimesahau," alisema Mpishi.

"Umesahau nguo zako?"

"Nimesahau, Baba Muuguzi. Mtu hawezi kusahau?"

Kinyozi alitikisa kichwa polepole. Kisha akacheka kidogo na kuanza kumsaidia binti kurudisha vitu ndani, akivikunja ovyo. Binti akatoa kibati chekundu chenye namba. Mpishi alinyoosha mkono kukichukua, mumewe akamwahi.

"Niachie mimi. Na mimi nishike kitu."

Siku nyingine asingekubali. Mtu huyo alikuwa amepoteza funguo, simu mbili, miwani, na mara moja jogoo mzima aliyepewa akamuuze sokoni. Lakini leo Mpishi alikuwa na deni la moyoni kwake, na kibati kilikuwa kitu kidogo cha kulilipia.

*

Chumba cha kwanza kilikuwa cha sura za watu. Wazee waliovaa makoti mazito, wanawake wenye shanga, mtoto mwenye mashavu aliyeshika ndege. Wageni walitembea polepole mikono nyuma, wakisimama, wakirudi nyuma hatua moja, wakisogea tena. Mpishi aliwaiga. Alisimama, akarudi nyuma, akasogea. Hakuona tofauti yoyote.

Kinyozi alijipatia kazi mara moja.

"Huyu," alisema akimwonyesha mzee mwenye ndevu nyeupe, "kanyolewa na mtu mwenye haraka. Tazama hapa chini ya sikio."

"Sema polepole."

"Na huyu hajanyolewa, kapunguzwa. Kuna tofauti. Huyu mama nywele si zake."

"Utajuaje?"

"Shingo na nywele hazijuani."

Wasichana wawili waliokuwa nyuma walicheka, na Kinyozi akawainamia kidogo kama alivyozoea kuwainamia wateja. Mpishi alimtazama akashangaa. Huyu ndiye yule yule aliyemnyoa mtu nusu kichwa, akamwacha kitini na shuka shingoni, akaenda kunywa chai asirudi? Ndiye yule aliyewasha jiko nyumbani bila sufuria juu yake, akatoka, hadi jirani akavunja mlango? Juzi tu alikuja shuleni kati ya vipindi, akiwa na shati na bila suruali, akisimama katikati ya uwanja kumwita mkewe kwa jina la utotoni. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Mwalimu mkuu alimwita Mpishi ofisini, akamwambia kwa sauti ya upole sana kwamba itabidi achague, kazi au mume. Na huyu hapa leo, ananyoa picha ukutani na hakosei.

Chumba kilichofuata kilimchanganya zaidi. Kulikuwa na kitambaa kikubwa kilichopakwa rangi ya buluu tupu, kona hadi kona, hakuna mtu, hakuna mti. Karibu yake aliketi mlinzi mrefu mwenye sare ya kijivu.

"Samahani, kaka yangu. Hii bado haijaisha?"

"Imeisha, mama."

"Sasa mtu anaangalia nini?"

Mlinzi aliitazama ile buluu kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. "Mimi nina mwaka wa nne hapa," alisema. "Kuna siku naona kitu, kuna siku sioni."

Jibu hilo lilimpendeza Mpishi, ingawa halikumsaidia. Alitaka kuuliza zaidi, simu yake ikalia. Mlinzi akanyoosha kidole kuelekea korido: simu ni nje.

"Kaa hapa," alimwambia mumewe, akimkalisha kwenye benchi mbele ya buluu. "Usiondoke. Unanisikia?"

"Nitaondoka niende wapi?"

*

"Mama, mmeshafika?" Alikuwa binti yao. Nyuma yake zilisikika sauti za wodi, kitoroli kikipita, mtu akikohoa.

"Tumefika mjini."

"Nauliza kule."

"Bado. Si saa nane?"

"Sasa hivi mko wapi?"

Mpishi alitazama korido yenye sakafu ya kung'aa. "Tuko kwenye picha," alisema.

"Picha gani?"

"Jumba la picha. Baba yako alibanwa."

Binti alivuta pumzi. "Mama, naomba usianze kuzunguka. Unajua ukizunguka utabadilisha mawazo. Tulishaongea. Shule imekupa mpaka Jumatatu. Ukikosa kazi mtakula nini, na mimi na huu mshahara wangu nimejigawa vipande vipande. Umemwambia?"

"Nimwambie nini?"

"Kwamba anabaki."

"Ataniuliza kwa nini."

"Si umwambie."

"Halafu dakika tano baadaye ataniuliza tena kwa nini. Nimwambie mara ngapi, mwanangu? Wewe unaweza kumwambia baba yako jambo hilo mara kumi kwa siku moja?"

Kitoroli kilipita tena.

"Mama," binti alisema, na sasa sauti yake haikuwa ya muuguzi, "na mimi naumia. Usidhani siumii."

"Najua."

"Mfikishe tu. Nitapiga tena."

Mpishi alifuta macho kwa ncha ya kilemba, akarudi ndani. Benchi lilikuwa tupu. Buluu ilikuwa palepale.

*

"Mzee wangu umemwona?" alimuuliza mlinzi.

"Wazee ni wengi humu, mama," alisema mlinzi, "ila wote wako ukutani." Alipoona uso wa Mpishi, akaacha mzaha na kusimama. "Nilikwenda kumzuia mtoto asishike sanamu. Nimerudi sasa hivi. Hajafika mbali."

Mpishi alipita chumba cha sanamu zisizo na mikono. Alipita chumba chenye giza ambamo ukuta ulikuwa ukionyesha mawimbi ya maji na watu wameketi chini wanayatazama. Alipita chumba chenye rundo la viatu vikuukuu katikati, na hapo moyo wake ukalipuka, kwa sababu kiatu kimoja kilifanana na cha mumewe. Aliuliza watu. Kila mmoja alimjibu kwa sauti ya kunong'ona, naye hakuelewa kwa nini wananong'ona wakati mtu amepotea.

Katika chumba cha viatu alisimama ghafla. Wazo lilikuwa limemjia bila kuitwa: asipoonekana, sitalazimika kumpeleka. Atakuwa amepotea mwenyewe. Halikukaa hata muda wa kumeza mate, lakini lilikuwa lake, na alilijua kwamba ni lake. Aliona aibu kubwa kuliko ile ya kaunta. Akaendelea kutafuta akikimbia, ndala zake zikipiga makelele kwenye sakafu ya watu.

Alisikia makofi. Yalitoka chumba cha mwisho, na alipofika mlangoni hakuweza kuingia kwa sababu ya watu.

Chumba hicho kilikuwa na vitu viwili tu: kioo kikubwa ukutani, na kiti kimoja mbele yake. Msanii, popote alipo, alikuwa ameandika kwenye kibandiko kwamba mgeni akae anapojisikia tayari. Bila shaka alikuwa na maana yake. Lakini kioo, na mbele ya kioo kiti, kwa mtu aliyesimama nyuma ya kiti cha namna hiyo tangu ujana wake mpaka mvi, vina maana moja tu. Kinyozi alikuwa kazini.

Kitini aliketi kijana mwenye kamera tumboni. Kitana ambacho Kinyozi hakukosa kukiweka kwenye mfuko wa shati kilikuwa mkono wa kushoto. Mkasi hakuwa nao, kwa hiyo vidole viwili vya mkono wa kulia vilifungua na kufunga hewani, kwa mwendo ule ule, na midomo yake ikitoa mlio mdogo. Alipomaliza alimpangusa kijana mabega, akampigapiga mara mbili.

"Mtu mpya," alisema. "Anayefuata!"

Watu wakapiga makofi. Kijana akainuka amejiinamia, akasema asante kwa unyenyekevu mkubwa.

"Ni sehemu ya onyesho," mwanamke mmoja alimnong'oneza mwenzake. "Inahusu uzee."

"Mimi nadhani inahusu kazi," alisema mwenzake.

Mpishi alimtazama huyu, akamtazama yule. Wanamcheka au hawamcheki? Nyuso zao zilikuwa na heshima, lakini hata watoto wa shule walianza kwa kunyamaza kabla ya kucheka. Mlinzi mrefu akamfikia akihema.

"Mama," alisema kwa siri, "huyu yuko kwenye ratiba?"

"Ratiba gani?"

"Ya wasanii. Wakati mwingine huleta mtu bila kutuambia sisi. Mwaka jana kulikuwa na mwanamke alilala ndani ya sanduku siku nzima, nikamwita daktari, nikaonywa."

"Yule ni mume wangu."

"Sawa, lakini ni msanii?"

"Ni kinyozi."

Mlinzi alikuna kichwa. "Kiti kinaruhusiwa kukaliwa," alisema polepole, akijisomea kanuni moyoni. "Kioo hakishikwi, na hajakishika. Kuchana watu, hilo halikuandikwa popote. Sasa nimzuie kwa lipi?"

Mpishi alisogea mbele amchukue mumewe, na mtalii mwenye kofia, yule wa kaunta, akamgusa bega kwa upole.

"Samahani, mama. Kuna foleni."

Basi akapanga foleni. Utafanya nini? Mwanamke aliyelala kitanda kimoja na mtu huyo maisha yake yote akasimama nyuma ya wageni wanne, akingoja zamu yake ya kumfikia.

*

Zamu yake ilipofika, aliketi. Kiooni aliwaona wawili: mwanamke mnene mwenye macho mekundu, na nyuma yake mzee mwembamba, wima, mwenye mikono safi. Alisubiri aseme kitu. Aseme, ulikuwa wapi.

"Karibu, mama," alisema Kinyozi. "Mara ya kwanza kuja hapa?"

"Mara ya kwanza."

"Tukate vipi?"

"Kama kawaida."

"Kawaida yako siijui, mama. Niambie tu, usiogope."

Mpishi alifungua kilemba chake mwenyewe, mbele ya watu wote wale, akakiweka mapajani. Kitana kikaingia kwenye mvi zake polepole, na kilipokutana na fundo hakikuvuta. Kilirudi nyuma, kikaanza upya kutoka chini.

"Una mawazo," alisema Kinyozi. "Kichwa chenye mawazo kinajulikana. Ngozi hukaza."

"Nina mume anaumwa."

"Anaumwa nini?"

"Anasahau."

"Aa. Upo ugonjwa huo. Hata mimi umenianza." Aliinama akapunguza sauti, kama vinyozi wanavyofanya wanapofika kwenye habari yenyewe. "Mimi nina mke. Mwanamke mzuri, ila akikasirika unatamani kuhama nchi. Leo ananipeleka mahali."

"Wapi?"

"Hakusema. Kasema tunatembea. Lakini begi nimeliona. Zangu zote zimo, zake hakuna hata kitambaa cha kufutia jasho."

Mpishi alishika kilemba kwa mikono miwili. "Mbona hukumuuliza?"

"Nilimuuliza. Kasema amesahau." Kinyozi alicheka kimyakimya, mabega yakimtikisika. "Yule! Yule hajawahi kusahau kitu tangu nimjue. Mimi ndiye msahaulifu wa nyumba ile. Hatuwezi kusahau wote wawili, mama. Nyumba itaendeshwa na nani?"

"Sasa utafanyaje?"

"Nitakwenda. Nimwambie nini? Amechoka. Akikaa chini namwona anavyoshika magoti. Mtu aliyechoka hivyo humkatalii neno." Vidole viwili vilifungua na kufunga karibu na sikio lake. "Ila nikuombe kitu, wewe unaonekana mtu wa heshima. Ukikutana naye, mwambie..."

Kitana kikasimama.

Mpishi alimtazama kiooni. Uso wa mumewe ulikuwa umebaki wazi, midomo imeachana kidogo, macho yakitafuta kwenye kioo, kwenye kiti, kwenye nyuso za watu.

"Nimwambie nini?" aliuliza. "Sema. Nimwambie nini?"

"Nilikuwa nasema nini?"

"Ulikuwa unanituma."

"Nilikuwa nakutuma?" Alifikiri, akaacha. Akampangusa mabega, akampigapiga mara mbili. "Mtu mpya."

Watu walipiga makofi. Mwanamke mmoja alikuwa akilia na kutabasamu, akimwambia mwenzake kwamba sasa ameelewa. Mpishi aliinuka, asielewe chochote. Alijua tu kwamba amepokonywa ujumbe wake ukiwa bado mdomoni mwa mumewe, na kwamba ataishi bila kuujua. Kisha akaona nywele za mumewe kwa nyuma, zimeota hadi kwenye ukosi.

"Na wewe nani anakukata?"

"Kinyozi hajinyoi," alisema Kinyozi.

"Kaa."

Alikaa. Mpishi alichukua kitana akamchana, kwa nguvu, kama alivyokuwa akiwachana watoto kabla ya shule, na mzee akafumba macho.

"Mkono wako mzito," alilalamika. "Kama wa mke wangu."

*

Saa nane ilikuwa imekaribia walipofika kwenye ukumbi wa mbele. Mvua ilikuwa imekatika. Makao yalikuwa upande wa kushoto na stendi ya mabasi ya kurudi kwao upande wa kulia, na Mpishi hakuitazama njia yoyote kati ya hizo. Alijiambia achukue begi kwanza. Mambo huenda vizuri mtu akifanya moja kwanza.

Karibu na mlango lilisimama sanduku la kioo la michango, na ndani yake noti na sarafu za watu waliokuja bure na kushindwa kuondoka bure. Kinyozi alisimama hapo.

"Hapa wanalipisha nini?"

"Hakuna. Ni bure."

"Nimetumia choo chao, kiti chao, kioo chao siku nzima. Bure?" Kwake kazi ilikuwa kazi na malipo malipo, mtu aliyenyolewa akaondoka bila kulipa alikuwa habari ya mwaka mzima. Akapekua mfuko wa shati, akapekua wa suruali. "Hatuwezi kuondoka hivi, watatuona watu wa ajabu." Kabla Mpishi hajafungua pochi, mkono wa mumewe ulikuwa umeshafika juu ya sanduku. Kitu kiligonga kioo, kikateleza, kikalala juu ya noti.

Kilikuwa chekundu. Kilikuwa na namba.

"Ee Mungu wangu," alisema Mpishi.

Binti wa mizigo alitoka nyuma ya kaunta, akainama, akakitazama kibati kupitia kioo. "Ufunguo anao mhasibu," alisema. "Na mhasibu haji mpaka Jumatatu." Alipomwona Mpishi amebaki ameduwaa, akamshika mkono. "Usijali, mama. Mimi si nilikuwepo? Tufanye hivi. Nitajie vilivyomo ndani ya begi, nitamwita msimamizi, utaweka sahihi, utalichukua. Dakika moja."

Mpishi alimtazama yule binti. Aliliona begi lenyewe nyuma yake, kwenye rafu, limejikunyata. Alijua kila kilichomo. Alijua shati gani lilikuwa na kifungo kisichofanana na vingine, kwa sababu alikishona yeye akilia. Alijua taulo lilinunuliwa kwa sababu la zamani lingemtia aibu mbele ya wazee wenzake. Alijua sweta iko chini kabisa, kwa ajili ya baridi ya nyumba asiyoijua. Angeweza kuvitaja vyote kwa mpangilio, macho yakiwa yamefumbwa.

"Sikumbuki," alisema.

"Hata kimoja?"

"Hata kimoja."

"Mama," binti alinong'ona, "zilikuwa nguo za mzee. Mashati. Sema tu mashati."

"Umri, mwanangu. Tunasahau."

Kinyozi aligeuka, akamkazia macho mkewe kwa muda mrefu, kama mtu anayejaribu kusoma kibao cha barabarani akiwa mbali.

"Umesahau?" aliuliza.

"Nimesahau."

"Wewe?"

"Mimi."

"Basi tumekwisha," alisema Kinyozi, akaanza kucheka, na kicheko kikamshika hadi akaegemea lile sanduku la kioo. Mpishi hakutaka kucheka. Alikuwa akiiona Jumatatu ikija na sufuria zake na sauti ya upole ya mwalimu mkuu. Lakini kicheko kilimtoka, na machozi nayo.

Simu ililia wakiwa kwenye ngazi.

"Mama," alisema binti yao, "saa nane imeshapita. Umeshamwacha?"

"Nimeacha begi."

"Begi gani? Mama? Umeacha begi, yeye yuko wapi? Sijaelewa."

Kinyozi alikuwa ameshashuka ngazi mbili, amesimama akimngojea, kiwiko amekitoa nje tayari kushikwa.

"Hata mimi," alisema Mpishi, akakishika kile kiwiko, wakakata kulia.